Siku Chande Alipokaukiwa Ukavuni

Siku ile mjinga alikuwa Chande Mwinjuma, na hakuna haja ya kumtafutia mwenzake wa kugawana naye. Wapo waliosema ujinga ulikuwa wa nchi nzima, sheria zake na wakubwa wake, na kwamba yeye aliponzwa na ugeni tu. Chande mwenyewe huruma hiyo haitaki. "Nchi ilikuwa na ujinga wake," husema, "lakini ule wa siku ile niliuleta mwenyewe kutoka nyumbani, nimeukunja vizuri kama leso."

Kazi yake kwao ni kusherehesha harusi. Mtu akimpa kipaza sauti alasiri, basi atakipata tena akiwa na wajukuu. Amepigwa na maisha kama ngoma: amefilisika, ameachwa, amewahi kufukuzwa harusini na mama wa bibi harusi akiwa na mwiko mkononi. Kila kipigo kilimwachia kichekesho kimoja zaidi cha kusimulia, na hakuna hata kimoja kilichomwachia akili ya kunyamaza.

Jinsi alivyofika Ukavuni haina maana kubwa. Njia ya huko haina kituo wala nauli, na aliyeipita mara moja hawezi kumwelekeza mwingine. Tuseme alinyeshewa na mvua upande wa huku, akatokea upande wa kule, mbele ya lango lililopakwa chokaa, maji yakimchuruzika mpaka kwenye soksi.

"Umelowa," askari wa lango alimwambia.

"Mvua, bwana. Ilinikuta njiani."

"Hatukukuuliza sababu. Tumesema umelowa."

Sheria ya Ukavuni ni kwamba kilicholowa haruhusiwi mtu kukiingiza mjini, na kwamba kikaushwe palepale kilipolowea. Shati la Chande lilikuwa limelowea mwilini mwa Chande. Kwa hiyo hawakumvua. Walimwinua yeye na shati lake, wakamfikisha kwenye kamba ndefu iliyofungwa juani kutoka nguzo hadi nguzo, wakambana mabegani kwa vibanio vya mbao vikubwa kama taya za punda, wakaondoka. Walifanya yote hayo kwa adabu. Mmoja alimnyoosha hata kola, asije akakauka na makunyanzi.

"Mgeni, tulia," sauti ikasema pembeni yake. "Usipigepige miguu. Kamba inayumba, na mimi kichwa kinanigonga."

Alikuwa mtu mwembamba, ndevu tatu nne, ananing'inia kama aliyezaliwa pale. Alijitaja kuwa ni Tindo.

"Na wewe ulinyeshewa?" Chande akamuuliza.

"Mimi? Mvua hainijui. Mimi wananikausha gongo." Tindo alipiga mwayo. "Mlevi hapa ni mtu aliyelowa kwa ndani. Wanakutundika mpaka ikutoke. Nikishushwa nimekauka, nikifika nyumbani nalowa, wananirudisha. Si vibaya. Unaona mji wote kutoka hapa."

Kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda, Tindo alimweleza nchi. Ukavuni, alisema, kulia mbele za watu ni kosa. Msiba huliliwa kwa kukunja uso, na mwenye kukunja zaidi ndiye aliyempenda marehemu zaidi. Kutoka jasho ni kosa vilevile. Ndiyo maana wakubwa hawafanyi kazi yoyote, na shati kavu la mkubwa linahesabiwa kuwa ushahidi wa uadilifu wake. Hata methali zimepitiwa na kamati. Ile ya maji yakimwagika hayazoleki imefutwa yote, isije ikawakumbusha watu mambo.

"Na haya yote yalianza vipi?"

"Kulikuwa na mto," Tindo akasema, akishusha sauti ingawa jirani yake wa upande wa pili alikuwa blanketi. "Zamani mkubwa mmoja aliteleza kwenye tope la ukingoni, mbele za watu, akaketi. Watu wakacheka. Kesho yake ikatangazwa kuwa umajimaji ni adui wa heshima. Mto wakauelekeza jangwani, ukaishia huko."

Chande alicheka mpaka vibanio vikalia. Na akiwa katika kucheka huko, mdomo ukatangulia. "Ndugu yangu, kwetu vitu vyote hukauka, mito hukauka, mifuko ndiyo usiseme, lakini mdomo huu haujapata kukauka tangu nilipoachishwa ziwa. Kuna harusi niliyoisherehesha mpaka bwana harusi akaanza kufikiria talaka."

 Tindo akageuza shingo kadiri kibanio kilivyomruhusu.

"Unasema kweli? Maana dada yangu anamtafuta mtu wa namna hiyo. Anamtafuta kwa udi na uvumba."

Dada mwenyewe aliitwa Bi Sikudhani. Ni mjane wa makamo, mwenye mikono mifupi yenye nguvu na macho yanayompima mtu kama anayenunua kuku. Chande aliposhushwa jioni, mgumu kama dagaa, alimpokea, akampa mkeka, akampa wali na mboga ya bamia. Kabla hawajala, watu wawili wa serikali waliingia bila hodi, kila mmoja na kitambaa begani. Walizichukua sahani moja moja kutoka kabatini, wakazifuta kwa makini ya watu wanaotia udhu, wakazigonga kwa kucha kusikia zinavyolia, wakaaga.

"Hao ni nani?"

"Idara ya Kukausha Vyombo," Bi Sikudhani akasema. "Wanapita kila nyumba. Kazi ya heshima sana, kuipata lazima uwe na mjomba."

"Na wa kuviosha?"

"Kuosha ni umajimaji, baba. Hapa vyombo vinakaushwa tu. Nenda nyumba ya waziri yeyote ukaangalie sahani zake. Kavu, zinang'aa, na pilau ya Idi iko palepale." Alimsukumia sahani. "Hiyo kula bila wasiwasi. Mimi huosha kwa siri."

Siri yenyewe ilikuwa nyuma ya nyumba. Alimpeleka aione. Chini ya jiwe, maji yalikuwa yakitoka taratibu, yanafanya kidimbwi kisichozidi jamvi la kukalia watu wawili. Kando yake palikuwa na tuta la mchicha, matuta ya bamia, na mbuzi wanne waliomtazama Chande kama mtu wa kodi.

"Ndiyo chemchemi iliyobaki," akasema. "Nchi nzima. Majirani wanakuja na vibuyu ndani ya kanga, wanajidai wamekuja kunijulia hali. Hujapata kuona mtu akijuliwa hali kama mimi. Sasa wakubwa wamepata habari. Kesho baraza linakaa kuamua ikaushwe au isikaushwe, na wewe unajua wataamua nini."

"Sasa mimi nisaidie vipi, bibi?"

"Sheria moja tu ndiyo nzuri nchi hii, na nadhani waliisahau kuifuta. Baraza halikati shauri mtu akiwa bado anasema. Ukisema mpaka jua lizame, shauri linakufa mpaka mwaka ujao. Huna haja ya kusema la maana. Sema tu."

Chande aliweka mkono kifuani. "Mpaka jua kuzama tu? Bibi, huo kwangu ni utangulizi. Kufika magharibi nitakuwa bado nawasalimia waliokaa mbele."

"Usinifanyie masihara. Hii ikikauka, mbuzi wanakufa, bustani inakufa, na wale wanaokuja kunijulia hali watakufa pia."

"Lala usingizi," Chande akasema. Na yeye akalala, tena akakoroma.

Ukumbi wa baraza ulikuwa mkubwa na mweupe. Wajumbe walivaa kanzu zilizotiwa wanga mpaka zinasimama zenyewe. Mtu akiketi, kanzu ililia kama papa mkavu anayevunjwa. Mbele yao alikuwa Mheshimiwa Makapi, Mkaushaji Mkuu, mzee mrefu aliyesemekana hajapepesa macho miaka mingi, kwa kuchelea yasije yakalowa. Alisimama, akasema kwamba chemchemi ile ni aibu kwa taifa, kwamba sherehe za Ukavu ziko mlangoni, na kwamba wageni wakubwa hawawezi kukaribishwa katika nchi inayovuja. Halafu akaketi. Wajumbe wakasugua vidole gumba na vya shahada pamoja, ukumbi mzima ukachakacha kama majani ya migomba. Hivyo ndivyo wanavyopiga makofi.

"Msemaji wa pili."

Chande alisimama. Alifungua kifungo kimoja, akatabasamu tabasamu lake la kuanzia, lile ambalo kwao huwafanya akina mama wapige vigelegele hata kabla hajasema.

"Waheshimiwa mabibi na mabwana! Kabla sijasema, naomba kila mtu amgeukie jirani yake amwambie, umependeza!"

Hakuna aliyegeuka.

Akasogea kwenye kichekesho cha yule mama wa bibi harusi na mwiko. Kichekesho hicho hakijawahi kumwangusha. Kiliwahi kumchekesha kadhi. Alikisimulia chote, na mikono, na sauti ya mama huyo. Alipomaliza, mjumbe mmoja wa mstari wa pili alikohoa. Kilikuwa kikohozi kweli.

Hapo ndipo Chande alipogundua jambo ambalo hakuwa amelijua maisha yake yote. Alikuwa akidhani ana mdomo. Kumbe alikuwa na watu. Vicheko vyao ndivyo vilivyomlisha neno lililofuata, na kigelegele kimoja kilimpa pumzi ya nusu saa. Mbele ya nyuso zile nyeupe alichota ndani, akakuta ndoo inagonga chini.

"Basi... kama nilivyokuwa nasema..." Alisahau alikuwa anasema nini.  Aliona bilauri mezani kwake, akaishika kwa shukrani kama mtoto aliyemwona mama yake, akaiinua, akaigeuza mdomoni. Ilikuwa tupu, imefutwa vizuri mno, haina hata ukungu. Aliitikisa. Aliigeuza tena, kama kwamba alikosea upande.

Nyuma kabisa Bi Sikudhani alikuwa akimtazama. Alitikisa kidole taratibu, akizungusha hewani: endelea, endelea, sema chochote, sema majina ya siku. Chande alifungua mdomo aseme Jumamosi. Ulimi ukabaki umebandikwa kwenye kaakaa. Kivuli cha mlango kilikuwa hakijasogea hata shubiri moja.

Alisimama hivyo, mdomo wazi, bilauri mkononi, hana neno.

Kisha kukatokea jambo la ajabu. Mjumbe mmoja alisimama. Wa pili akasimama. Kanzu zikalia huku na kule, mpaka ukumbi wote ukawa wima, na vidole vikaanza kusuguliwa, kwanza polepole, baadaye kwa nguvu kama moto wa nyika.

"Miaka yote niliyokaa hapa," Mheshimiwa Makapi akasema, na sauti ilimtetemeka, "sijapata kumwona mtu amekauka hivi."

Maana Ukavuni, msemaji anayeendelea kusema huvumiliwa, lakini anayekaukiwa katikati huheshimiwa. Wao huona kwamba neno ni mate, na mtu aliyeishiwa nayo ndiye aliyefika. Mabingwa wao wakubwa wa hotuba ni watu waliosimama, wakatazama mbele, wakaketi.

Lililobaki lilikuwa moja: amekauka upande gani? Hilo lilijadiliwa kwa kina.

"Aliletwa na mwenye chemchemi," mjumbe mmoja mnyofu akasema. "Pengine alikuwa anaitetea."

"Anaitetea kwa kukauka?" mwingine akamjibu. "Umeona wapi mtu akitetea nyama kwa kufunga?"

"Na vichekesho je? Alisema kitu kuhusu mwiko."

"Mwiko ni mkavu."

Hoja hiyo iliwaingia wengi. Makapi akafunga mjadala. "Mgeni huyu amejitoa mwenyewe kuwa mfano. Ametuonyesha kwa mwili wake jinsi chemchemi inavyopaswa kuwa. Shauri limekatwa. Ikaushwe leo, na heshima ya kitambaa cha kwanza iwe yake."

Wakamletea kitambaa juu ya sinia, cheupe, chenye nakshi pembeni. Angekataa. Hata bila sauti angeweza kutikisa kichwa, kukitupa, kujilaza sakafuni, mtu ana njia nyingi za kusema sitaki. Lakini ukumbi mzima ulikuwa wima kwa ajili yake. Tangu atoke kwao hakuwa amepigiwa hata kofi moja, na Chande ni Chande. Aliinama. Akakipokea kwa mikono miwili. Akagusa kifua kushukuru.

Hapo ujinga ukakamilika, ukatiwa na nakshi.

Walikwenda kwa msafara, Chande mbele na kitambaa chake. Walipopita langoni, Tindo aliyekuwa amerudishwa kambani alimwona, akapiga kelele mpaka nguo za watu zikatikisika.

"Bwana Haukauki! Vipi, harusi imeisha?"

Chande alimpungia kitambaa. 

Nyuma ya nyumba, mbuzi walisogea pembeni kwa dharau. Chande alipiga magoti, akafuta maji. Yakarudi. Akafuta tena, yakarudi, safi, hayana kinyongo. Kitambaa kilikuwa kizito sasa. Aligeuka kumtafuta wa kumpokea. Watu wa Idara ya Kukausha Vyombo waliofuata msafara, zaidi ya ishirini, walikuwa wamerudi nyuma hatua kadhaa, kila mmoja akiwa amekikumbatia chake kifuani kisije kikalowa. Ni watu walioajiriwa kukausha vilivyokwisha kauka. Kilicholowa kweli walikuwa hawajapata kukutana nacho kazini.

Chande akafuta, akakamua, akafuta. Alichokamua kilirudi kilipotoka. Jasho lilimtoka, nalo likadondokea dimbwini, kidimbwi kikazidi.

"Tosha," Makapi akasema hatimaye, kwa sababu jua lilikuwa limeanza kumpata shingoni. "Sasa nitakagua."

Mkaushaji Mkuu hakagui kwa mkono, maana mkono ungelowa, na aliyelowa hana cheo. Hakagui kwa jicho pia, maana umajimaji ukitazamwa humrudi mtu machoni. Alitandikiwa zulia, akasimama juu yake, akaipa chemchemi mgongo, akainua kidevu.

"Imekauka," akatangaza.

Vidole vikasuguliwa. Maji yalikuwa yamefika kwenye pindo la zulia. Makapi aliusogeza mguu mmoja, kama mtu aliyekumbuka jambo, akausogeza na wa pili.

"Kuanzia sasa, kwa mujibu wa sheria, mahali hapa hapana maji, hayakuwepo, wala hayatatajwa."

 Bi Sikudhani alikuja na ndoo. Alipita katikati ya wenye vitambaa, akamruka Chande aliyekuwa bado amepiga magoti, akainamisha ndoo chini ya jiwe. Mlio wa maji yakiingia ndooni ulisikika vizuri sana, kwa sababu hakuna aliyekuwa akipumua.

"Bibi!" Makapi akasema, mgongo bado umegeuka. "Nasikia sauti."

"Unasikia vizuri, Mheshimiwa. Masikio yako yana afya."

"Umesimama mahali palipokwisha kutangazwa. Kuchota hapo ni kuvunja sheria."

Chande alihisi kitu kikilegea kooni. Neno moja, la kwanza tangu asubuhi, lilikuwa linapanda. Alitaka kumwomba radhi, au kumtetea, au yote mawili na salamu juu yake. "Bibi Siku—"

"Wewe kaa kimya," Bi Sikudhani akamwambia bila kumtazama. "Umeshazoea."

"Narudia," Makapi akasema, akipandisha sauti, "mimi nimetangaza kuwa pamekauka, na nikishatangaza limepita. Weka ndoo chini! Unathubutuje kuchota maji mbele ya serikali?"

Bi Sikudhani aliinyanyua ndoo ikiwa imejaa mpaka inamwagika, akaiweka kichwani, akaishika kwa mkono mmoja.

"Mheshimiwa, haya ninayochota, kama ni maji, basi hukukausha, geuka uiname ukaushe kwa mkono wako. Na kama si maji, hayakuhusu. Chagua upesi, mbuzi wangu wana kiu."